Mita ya Nusu Bei

Mtaa mzima ulimwita Mama Punguza, na mwenyewe hakuchukia hata kidogo. Jina hilo alilipata sokoni kwa jasho lake. Alikuwa fundi cherehani, na katika kununua vitambaa, nyuzi na vifungo hakuna muuzaji aliyewahi kumtajia bei ikabaki nzima. Angeguna. Angekishika kitambaa kana kwamba kinanuka. Angegeuka aondoke, polepole, akitega sikio kusikia kama ataitwa, na karibu kila mara aliitwa. Wanawake wenzake walimchukua wakienda kununua pazia au sufuria, kama vile watu wanavyomchukua wakili.

Kwa hiyo mumewe alipomtuma dukani kununua mita ya kupimia umeme, ile ya kioo cha tarakimu, alijifunga kanga kiunoni na kutoka kifua mbele.

Mume alikuwa fundi umeme. Mita yake ya zamani ilianguka kutoka kwenye ngazi ikapasuka ubavu, naye akaifunga kwa utepe mweusi na kuendelea nayo. Tatizo lilikuwa kiwanda cha mikate, alikopata kazi ya kukarabati paneli ya umeme ya tanuri. Msimamizi wa kiwanda aliishika ile mita kwa vidole viwili mbele ya wafanyakazi wote, akauliza, "Hiki ni kipimo au majeruhi?" Watu wakacheka. Akaambiwa kesho aje na mita nzima au asije kabisa. Na kwa kuwa mchana ule alikuwa na kazi ya watu ya kumalizia, na mkewe alikuwa anakwenda mjini kununua zipu, akampa fedha zote.

"Nenda kwa yule mwenye miwani," alimwambia. "Mwambie unataka ya daraja la tatu, ya paneli za viwandani. Usichukue nyingine hata ikiimba."

"Kwani mimi nimeanza kununua vitu leo?"

"Najua, mke wangu. Ndiyo maana nakwambia."

* * *

Mwenye miwani alimtolea mita nene, nzito, ya rangi isiyopendeza, nyaya zake ngumu kama mipira ya baiskeli. Alipotaja bei, Mama Punguza alicheka kwanza, kwa adabu, kama mtu aliyetaniwa.

"Haya, sasa niambie bei yenyewe."

"Ndiyo hiyo, mama."

"Punguza bwana. Kila kitu hupungua. Hata mimi nilikuwa mnene."

Wateja waliokuwa nyuma yake wakacheka, na yeye akapata nguvu. Aliguna, akairudisha mita juu ya meza, akageuka, akaenda hadi mlangoni kwa mwendo wake ule wa kuitwa. Hakuitwa. Alipogeuka, mwenye miwani alikuwa ameshaanza kumhudumia mtu mwingine.

"Mama," alisema bila kuinua macho, "nikipunguza hii, itabidi nikuuzie nyingine."

Mmoja wa wale wateja akarudia maneno hayo kwa mwenzake, kwa sauti ya chini isiyokuwa ya chini vya kutosha, na wakacheka tena. Safari hii hawakucheka pamoja naye. Alitoka masikio yakimwaka moto.

Kwenye kona palikuwa na kibanda cha muuzaji mwingine, kijana wa maneno mengi, anayeuza chaja, redio, tochi na kila kinachong'aa. Alikuwa na mita. Kioo chake kilitoa mwanga wa buluu, ilikuwa na vitufe vingi zaidi, na pale ubavuni palikuwa pameandikwa daraja la tatu, herufi kubwa, za dhahabu. Tena ile ya mwenye miwani iliandikwa volti mia sita, na hii iliandikwa elfu moja. Mama Punguza alifikiri kama ambavyo ungefikiri wewe na mimi: elfu ni kubwa kuliko mia sita. Bei aliyotajiwa ilikuwa ya chini tangu mwanzo. Aliguna mara moja, na ikashuka. Akageuza kisogo, ikashuka tena, hata kabla hajapiga hatua. Ikafika nusu ya ile ya mwenye miwani.

"Na nyongeza?" aliuliza.

"Mama, wewe utaniua! Haya, chukua na nyaya za akiba." Akamtupia mfukoni jozi nyingine ya nyaya za kupimia, nyekundu na nyeusi, akitabasamu.

Alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Hata zipu alisahau kununua.

* * *

Jioni wifi yake alikuwepo. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mume, mwanamke aliyekuja kula mara kwa mara na kamwe hakuja mikono mitupu, maana kila safari alileta maneno. Mama Punguza aliiweka ile mita katikati ya meza, karibu na bakuli la wali, kisha akakaa na kusubiri.

Mume alinawa, akaifuta mikono vizuri, akaichukua. Aliipima uzito kiganjani. Akaigeuza. Akazishika nyaya zake kati ya kidole gumba na cha shahada, akazikunja kidogo. Mama Punguza akaona hivyo ndivyo mtu anavyoshangaa zawadi.

"Umeipata kwa ngapi?"

Akamwambia. Wifi akaacha kutafuna.

"Na chenji iliyobaki?"

"Iko kwenye kopo."

Mume aliitazama mita, kisha akamtazama dada yake, kisha mkewe, ambaye uso wake wote ulikuwa unangoja.

"Hapo umenishinda," alisema. "Kwa bei hiyo mimi nisingeipata hata kwa kulia."

"Huyu wifi yangu," dada mtu alisema, na sifa ilimtoka kwa shida kama jino, "angesoma, leo angekuwa waziri wa fedha."

Miaka yote ya ndoa, hilo lilikuwa neno la kwanza jema kutoka kinywani mwa yule mwanamke. Mama Punguza alimwongezea wali bila kuombwa.

* * *

Asubuhi mume aliichomeka mita kwenye soketi ya karibu na cherehani, kama alivyozoea. Yeye aliita kuusalimia umeme. Kabla ya kugusa chochote alipima mahali anapojua pana moto, yaani umeme, aone mita iko hai. Ndipo alipopima pale anapotaka kufanyia kazi, aone hapana moto. Kisha alirudi palepale pa mwanzo, akasalimia tena, ahakikishe mita haijafa katikati. Kwa ajili ya salamu hizo mafundi wenzake walimbandika jina la Fundi Taratibu, na wengine walisema akifika ahera atawapima malaika kwanza.

Tarakimu zilikuja, buluu, nzuri. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Inafanya kazi?" mkewe aliuliza.

"Inafanya."

Akaitia kwenye begi, akaizima simu yake. Hiyo nayo ilikuwa sheria yake: mkono ukiwa ndani ya paneli, simu haiko hai. Akaondoka.

Mama Punguza akakaa kwenye cherehani. Alikuwa na mashati ya sare ya kumalizia, na mwenye mali amekwisha kuja kuyadai. Alipoyamaliza alitafuta kitu cha kuyafungia bunda. Kamba hakuwa nayo. Macho yakaangukia zile nyaya za akiba, nyongeza yake, juu ya meza. Akachukua ule mwekundu, akauzungusha kwenye mashati, akavuta kukaza fundo.

Waya ukakatika.

Haukukatika kwa nguvu, alivuta kama mtu anavyovuta uzi. Plastiki ilichanika na ile ncha ya kushikia ikabaki mkononi mwake, na ndani yake mkawa na nyuzi za shaba chache, nyembamba, laini kama za nywele. Aliitazama. Alikuwa mtu wa nyuzi, maisha yake yote. Alijua uzi wa kushonea begi ni upi na uzi wa kupambia tu ni upi. Huu haukuwa na nguvu ya kushona hata kifungo.

Na zile alizoondoka nazo mumewe zilitoka kwenye kibanda kilekile.

Hapo ndipo alipokikumbuka kile kibanda, na kikamjia tofauti. Ile bei ilishuka upesi. Aliguna mara moja tu. Aligeuza kisogo na kabla hajanyanyua mguu ikashuka tena. Angekuwa ananunua kitambaa angejua palepale: anayekuachia upesi hivyo anauza kitambaa kinachochuja rangi. Alijua hilo kuliko mtu yeyote mtaani. Alilijua jana pia, lakini masikio yalikuwa bado yanawaka kwa kicheko cha dukani, naye alitaka kushinda.

Alipiga simu. Imezimwa. Akapiga tena, akijua imezimwa.

Alitoka mbio na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni, kandambili moja ya buluu na moja ya kijani.

* * *

Kiwanda cha mikate kilikuwa nyuma ya maghala, na harufu yake ilikufikia kabla ya ukuta wake. Getini alikaa bawabu mnene, kwenye kiti cha plastiki, akila kipande cha mkate.

"Namtaka fundi umeme. Mume wangu. Yuko ndani."

"Nyumbani hamkuonana?"

"Kaka yangu, ni dharura."

"Wake wote wakija hapa ni dharura." Alimtazama miguuni, kandambili mbili za rangi mbili, akatabasamu na mkate mdomoni. "Umemfumania au unga umeisha?"

"Mita aliyokuja nayo ni mbovu. Nilimnunulia mimi. Itamuua. Nakuomba, nenda wewe basi, mwambie asiitumie, nitasimama hapahapa nisisogee."

"Mita gani? Mama, mimi nalinda geti."

Aliushika mkono wa yule mtu. Hakuwahi kumshika mwanamume asiye ndugu yake hivyo, tena njiani, na bawabu akaangalia huku na huku kwa aibu. Kutoka ndani palisikika mngurumo wa matanuri, mfululizo, sauti ambayo mtu angeizoea asiisikie tena. Katikati ya mngurumo huo kitu kikakatika. Sauti moja ilikoma, nyingine ikabaki.

"Ehe," bawabu alisema. "Wamezima. Ndiyo wanaanza."

Mama Punguza hakungoja tena. Alipita chini ya kile chuma cha geti, futi ikanasa, akaivuta ikakatika, akakimbia kuelekea kwenye sauti. Nyuma yake bawabu alipiga kelele kisha akaanza kumkimbiza, mkate bado mkononi.

Alipita katikati ya magunia na trei, watu wenye kofia nyeupe wakamkwepa. Kitu kimoja tu kilikuwa kichwani mwake, nacho ni vile vidole vya mumewe jana jioni, vikiukunja waya, polepole, karibu na bakuli la wali.

Aliwakuta kwenye kona ya tanuri. Paneli ilikuwa imefunguliwa mlango. Msimamizi alikuwa amesimama akitazama saa yake ya mkononi, na pembeni fundi wa mitambo wa kiwanda ambaye ndiye aliyezima swichi. Mumewe alikuwa amepiga goti mbele ya paneli.

Alikuwa hai. Mama Punguza akaushika ukuta.

"Sifuri hiyo hapo," msimamizi alikuwa anasema. "Umeiona, nimeiona. Ingiza mkono tufanye kazi."

"Nasalimia mara moja tu, bosi."

"Umeshasalimia! Ulipima pale kwenye soketi, ikasoma. Umepima hapa, sifuri. Sasa unarudi kufanya nini, kuaga?"

Wafanyakazi wakacheka. Fundi Taratibu aliinuka, akajipangusa goti, akaelekea kwenye soketi ya ukutani. Ilikuwa na sehemu mbili za kuchomeka. Moja ilikuwa imechomekwa feni kubwa, ikizunguka na kupeperusha vumbi la unga. Akatia ncha za mita kwenye ile ya pili.

Feni ilizunguka. Kioo cha buluu kikasema sifuri.

Alizitoa ncha, akazirudisha. Sifuri. Akaushika ule waya mwekundu karibu na ncha, akauvuta kidogo, na ukamjia mkononi kama unyoya.

Hakuna aliyecheka.

"Kaangalie swichi," mume alisema kwa sauti ndogo.

Fundi wa mitambo alikwenda nyuma ya tanuri. Aliporudi hakuwa na rangi usoni. "Nimezima ya tanuri la pili," alisema. "Hii ina moto. Ina moto wote."

Msimamizi aliufunga mlango wa paneli kwa mguu, kama mtu anayemfungia mbwa. Alikuwa ametoka jasho, na hofu ilipompanda akaitoa kwa njia pekee aliyoijua.

"Nani alikuuzia takataka hii?"

Mama Punguza alisogea mbele. Alifungua kinywa. Mumewe alimwona kwa mara ya kwanza, na futi iliyokatika, na kandambili, na bawabu akihema nyuma yake, na akaelewa yote bila kuuliza.

"Nilinunua mwenyewe," alisema upesi. "Nilikosea kuchagua."

"Fundi mzima!"

"Ndiyo, bosi. Fundi mzima."

"Rudi na mita ya kweli kabla ya zamu ya jioni. Usiporudi namwita mwingine."

* * *

Walitembea hadi walipouacha ukuta wa kiwanda. Kisha Mama Punguza akasimama.

"Nilisahau kukwambia jambo," Mama Punguza alianza. "Ile bei. Alinipunguzia upesi mno. Ningejua..."

"Nilijua mimi."

"Ulijua nini?"

"Jana. Nilipoishika tu. Ilikuwa nyepesi, na waya ule..." Alikuwa anaitazama njia. "Nikasema nitaionyesha tu pale getini, msimamizi aridhike. Ile yangu ya utepe nitaitumia kwa siri. Nikaisahau nyumbani. Basi nikasema nitaisalimia vizuri, isiposoma nirudi."

"Ulijua, na ukanisifu?"

"Dada alikuwepo. Ulikuwa umefurahi."

Alimpiga. Mama Punguza alimpiga kifuani kwa ngumi mbili, njiani, watu wakigeuka, na kila ngumi ilikuwa na neno lake. "Ungekufa! Kwa ajili ya furaha yangu! Nikae na dada yako, nile wali, nimwambie nini? Kwamba ulikufa lakini nilisifiwa?" Halafu ngumi zikaisha nguvu, akaushika ule mkono wake wa kulia, ule ambao ungeingia kwenye paneli, akaugeuza akatazama kiganja, akatazama na nyuma, kama mtu anayekagua kitambaa kabla ya kulipa.

"Ukiona nimekosea niambie," alisema. "Hata mbele ya dada yako. Hata mbele ya mtaa mzima."

"Nitakwambia."

"Apa."

Akaapa. Wakapita nyumbani kuchukua kopo. Ndani yake mlikuwa na chenji ya jana na akiba yake ya kununulia cherehani kubwa. Alilibeba lote.

* * *

Njiani walipita kwenye kile kibanda. "Mama mteja wangu!" kijana aliita. Mama Punguza alienda akamwekea ule waya wa nyongeza, uliokatika kwenye mashati, juu ya tochi zake.

Kijana aliutazama. "Huo ulikuwa wa nyongeza, mama," alisema kwa upole. "Nyongeza haina dhamana."

Siku nyingine yoyote angemwaga maneno hadi kona yote isimame. Safari hii aliuacha waya palepale akaenda zake.

Dukani kwa mwenye miwani walikuwepo wateja, na mmoja alikuwa yule wa jana, aliyerudia maneno kwa mwenzake. Alipomwona akamgusa mwenzake kiwiko, wakajiweka sawa kuangalia mchezo. Mwenye miwani aliitoa mita ileile nzito, akaiweka mezani.

"Bei ni ileile, mama."

"Najua."

Alimtazama juu ya miwani. Akangoja mguno. Mguno haukuja. Hilo lilimtia wasiwasi kuliko makelele ya jana. "Lakini kwa kuwa umekuja mara ya pili," alisema, "naweza kukupunguzia kidogo."

"Usitoe kitu!" Sauti ilimpanda. Akaishusha. "Nimekuomba upunguze? Hapa pana soketi?"

"Ipo."

"Isalimie."

Mwenye miwani hakuelewa. Mume alitia ncha kwenye soketi, na tarakimu zikaja.

"Zima soketi. Pima."

Sifuri.

"Washa. Tena."

Tarakimu zikaja. Mama Punguza alikuwa ameinamia kile kioo, pumzi ameishika. Alizitazama zile namba asizozijua maana yake mpaka macho yakamwia ukungu.

"Tena," alisema.

"Imeshasoma, mke wangu."

"Najua. Tena."

Akapima tena. Alipima mara nyingi kadiri alivyoambiwa, taratibu, na wale wateja waliokuja kutazama mchezo waliendelea kusubiri Mama Punguza aanze kuguna, huku yeye akilimimina kopo mezani na kumsukumia mwenye duka fedha zake kwa viganja vyote viwili.